Mchango wa Shilingi Moja

Mhazini wa chama chetu hapa Kakamega huandika michango kwenye simu, kila mtu na mstari wake: jina, mtaa, pesa. Katikati huweka nafasi, na nafasi zake ni za ukarimu. Akiandika ndani ya matatu ya Mumias, barabara ikirusha, nafasi moja hugeuka tano.

Tulipochanga za matanga, nikatumiwa orodha niijumlishe. Wenye akili zao wangefungua Excel. Mimi natumia Emacs, na Emacs huamrishwa kwa Lisp, lugha aliyoianzisha John McCarthy kule Marekani mwaka 1958, na ambayo kazi yake hasa ni orodha. Nani angekataa?

Kukata mstari vipande kuna amri yake, split-string. Ukiipa mstari peke yake, hukata palipo na nafasi, ziwe moja au kumi, bila kubakisha uchafu. Lakini ukijitia ujuzi ukaiambia ikate kwenye " ", inakutii neno kwa neno: nafasi tano zikifuatana zinazaa vipande vinne visivyo na kitu ndani. Hivyo ndivyo chama kinavyopata wanachama hewa, na wala hakuna aliyekula rushwa.

Kisha kuna majina. "Fundi wa Baiskeli Amalemba 200": mashine inasoma jina Fundi, mtaa Wa, mchango Baiskeli. Mama Samaki wa Lurambi naye akahamishiwa mtaa wa Samaki. Dawa ni kupindua orodha kwa reverse. Pesa inakuja mbele, unaichukua kwa car (jina hilo ni urithi wa kompyuta ya IBM 704). Inayofuata ni mtaa. Yote yaliyobaki, hata yakiwa maneno saba, ni jina. Jina nalo ulipindue tena, la sivyo utamwita mtu Baiskeli wa Fundi.

Pesa sasa. Mwalimu mmoja mstaafu wa Khayega alitoa "1,000". Amri ya string-to-number husoma tarakimu mpaka ikutane na kisichokuwa namba. Ilipofika kwenye koma ikatosheka. Orodha ikasomwa mkutanoni, mbele ya wazee.

Mwalimu akainuka taratibu. "Kijana, hiyo shilingi moja ni yangu mimi?"

"Ni koma, mwalimu."

"Koma nilikufundisha mimi."

Watu walicheka hadi chai ikapoa. Aliyelalamika kuliko wote ni jamaa aliyeandikiwa "bado" penye pesa, maana Lisp ilimpa sifuri. Hapo mashine ilisema kweli tupu, na sikumtetea.

Basi, wahazini wenzetu wa vyama: pesa iwe neno la mwisho kwenye mstari, bila koma. Mtaa uwe neno moja. Anayekaa Kakamega Mjini aandikwe Mjini. Jina refusheni mpendavyo. Na mwalimu wa Khayega, tafadhalini, ni 1000.