Mwongozo kwa Anayetaka Maoni ya Wananchi na Asiyeogopa Kuyapata

Kabla hujamwita fundi wa tovuti, chukua karatasi uandike jina la mtumishi mmoja, yule atakayejibu. Si "Idara", si "Kitengo cha Mawasiliano", wala si "wahusika". Awe mtu mwenye jina, mwenye meza, na mwenye ruhusa ya kumpigia simu mhandisi wa maji bila kuomba kibali kwa wakubwa watatu. Wiki ikiisha na karatasi bado nyeupe, iache tovuti kwanza, endelea kumtafuta huyo mtu. Kitufe cha "Toa Maoni Yako" fundi mzuri hukiweka kwa siku moja. Mtu wa kujibu ndiye mgumu kupatikana, na bila yeye kitufe ni pambo.

Halmashauri zetu huanzia mwisho. Huanza na uzinduzi: turubai, spika, fulana zenye nembo, na mgeni rasmi anayebonyeza kitufe huku kamera zikimmulika. Baada ya hapo maoni huingia kwenye barua pepe ambayo nywila yake anaijua ofisa aliyekwisha kuhamishiwa wilaya nyingine. Fedha za fulana hizo zingetosha kumlipia bando mtu wa kujibu mwaka mzima, kwa hiyo futa fulana kwenye bajeti.

Somo kubwa kuliko yote tunalo hapa nyumbani Tanzania, na linastahili kusomwa taratibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, shirika la Daraja lililokuwa Njombe lilibuni mpango wa Maji Matone. Mwananchi akikuta kituo cha maji hakitoi maji, atume meseji. Meseji ipelekwe kwa mhandisi wa wilaya. Vyombo vya habari vifuatilie. Katika majaribio walilenga kupata meseji 3,000. Walipata 53.

Daraja wakafanya jambo ambalo mashirika mengi hayathubutu. Waliyatangaza matokeo hayo hadharani na kueleza yalikotokea. Wanaochota maji ni akina mama na watoto, ilhali simu mara nyingi iko mfukoni mwa baba. Mtandao vijijini ulikuwa wa kubahatisha. Wapo waliohofia kuonekana wanailalamikia serikali. Na wengi hawakuamini kwamba meseji yao ingemleta fundi.

Zirudie sababu hizo nne. Hakuna hata moja inayotibiwa kwa rangi za kuvutia au picha ya watoto wanaotabasamu juu ya ukurasa. Kila moja inataka uamuzi wako, ndugu mbunifu, kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu.

Tuanze na simu. Tengeneza ukurasa wa maandishi matupu, mwepesi, unaofunguka kwenye simu ya bei ya chini yenye kioo kilichopasuka, bando likiwa linakaribia kuisha. Usimlazimishe mtu kupakua programu ili akwambie bomba limepasuka. Mwenye kiswaswadu naye apate mlango wake: mfumo wa e-Mrejesho wa Mamlaka ya Serikali Mtandao hufikiwa kwa tovuti na pia kwa kupiga *152*00#, bila intaneti. Huo ndio mwelekeo. Na kwa mama asiye na simu kabisa, mtendaji wa mtaa amwandikie kwenye mfumo huohuo, ampe namba ya kumbukumbu kwenye kipande cha karatasi. Maoni yake yakae kwenye foleni moja na ya mwenye kompyuta, kwa kufuata tarehe ya kufika.

Sasa fomu, na hapa sina simile. Iulize maswali mawili: nini, na wapi. Zipo fomu zinazodai namba ya kitambulisho cha taifa, tarakimu zote 20, jina la kati, kazi, na kiwango cha elimu, na mtu alitaka tu kusema taa ya stendi imeungua. Zipo nyingine zinazomtaka achague aina ya hoja yake: ya kisera, ya kimkakati au ya kiutendaji. Mama ntilie ambaye mtaro umefurika hadi kwenye jiko lake achague ipi? Kupanga hoja kwenye mafungu ni kazi ya anayelipwa mshahara, wala si ya aliyesimama kwenye maji.

Namba ya simu iwe hiari, na sababu ya kuiomba iandikwe palepale: "Tutaitumia kukupa jibu tu." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ukusanye taarifa zile tu unazozihitaji kwa kusudi uliloeleza. Lakini hata sheria hiyo isingekuwapo, kumbuka hofu ya wale wa Maji Matone. Anayetaka kusema kwamba mgawo wa mbolea una upendeleo hatasema kitu fomu ikianza kwa kumuuliza yeye ni nani.

Kuhusu kura. Ni vizuri watu waunge mkono hoja za wenzao, kwa sababu hoja 40 za karavati moja zikiunganishwa zinakuwa hoja moja yenye uzito. Ila tamka mapema kura ina nguvu gani. Mwaka 2016 baraza la utafiti wa mazingira la Uingereza liliwaomba watu wapendekeze jina la meli mpya ya utafiti. Jina la mzaha, Boaty McBoatface, liliongoza kwa kura zaidi ya 124,000. Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa wakubwa, na meli ikaitwa Sir David Attenborough. Jina la mzaha likapewa chombo kidogo cha kuzamia kisicho na rubani. Waliopiga kura walifurahia mzaha wao, lakini wengi pia walijiona wamepuuzwa. Kama kura ni ushauri tu, neno "ushauri" liandikwe kwa herufi kubwa pembeni ya kitufe.

Kiwango cha kuungwa mkono nacho kisiwe mlima. Mji wa Madrid ulifungua mfumo wake wa mapendekezo mwaka 2015, na kiwango kilichokuja kutumika kikawa kila pendekezo liungwe mkono na asilimia 1 ya wakazi wenye umri wa kuanzia miaka 16. Yaliingia maelfu. Yaliyofika kwenye kura ya wananchi ya Februari 2017 yalikuwa mawili. Mimi naupenda zaidi mtindo wa Reykjavik, ulioanza 2010: mawazo yaliyoongoza yalipelekwa kwa kamati za mji kila mwezi, na chini ya kila wazo hoja za kuunga mkono zilikaa upande mmoja, za kupinga upande wa pili, bila nafasi ya kujibizana. Mwenye matusi hukosa wa kumtukana, akabaki na kazi moja tu, kuandika hoja.

Kwenye jibu ndipo tovuti nyingi hufia. Neno "Inashughulikiwa" limefukia malalamiko mengi kuliko neno jingine lolote la kiofisi. Lipe tarehe ya kuisha: siku 14 zikipita, hoja igeuke nyekundu mbele ya kila mtu, jina la idara likionekana. Huduma ya FixMyStreet ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2007, huweka taarifa za mashimo ya barabara na taa mbovu hadharani, na baada ya wiki nne humuuliza aliyeripoti: je, tatizo limetatuliwa? Nakili hilo bila kuona haya. Anayetembea kwenye barabara hiyo kila siku ndiye mwenye haki ya kusema kazi imekwisha.

Na usiogope "Hapana". "Hapana, bajeti ya mwaka huu haina fedha za karavati hili, litaombewa mwaka ujao, na kikao cha madiwani kitalijadili mwezi Februari" ni jibu la heshima. Mwananchi ataudhika, lakini atajua aende kikao gani na amkabe diwani yupi kwa swali. Maneno "Asante kwa maoni yako" yakiwa peke yake hayamwambii kitu. Yafute.

Nawe msomaji usiye mbunifu wa chochote, mlango ukifunguliwa, ingia. Tuma hoja yako, taja mahali, hifadhi namba ya kumbukumbu. Sheria ya serikali za mitaa inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe angalau kila miezi mitatu. Usipojibiwa, nenda pale, simama, isome namba hiyo kwa sauti mbele ya mtendaji, na uombe jibu lake liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.