Sifa za Mwenye Jukwaa Usoni

Waungwana wa Kwashemshi huku Tanga, mmewashangilia wengi waliokuja na magari kuhutubia. Leo tumsifu fukusi wa mkonge, ambaye hajawahi kuomba kura wala kuchelewesha mshahara wa mtu.

Ni mdudu mweusi, hafiki sentimita mbili, na kinachomtambulisha ni lile domo refu lililotokeza mbele na kuinama kidogo. Wengi huliita pua. Wanamdhulumu: meno yako hapo hapo kwenye ncha, na vipapasio vimeota ubavuni mwa domo lenyewe, vimepinda kama kiwiko. Wataalamu wa wadudu huliita rostramu. Ni Kilatini, maana yake mdomo wa ndege; Warumi wakaliita hivyo hivyo chuma kilichochongoka mbele ya merikebu ya vita, cha kutobolea merikebu za adui. Mwaka 338 KK waliwashinda watu wa Antium, wakang'oa madomo ya merikebu zao na kuyapachika kwenye jukwaa la hotuba mjini Roma. Jukwaa likarithi jina la domo, na hadi leo Mwingereza anayehutubia husimama kwenye rostramu.

Basi oneni hadhi ya mdudu wetu! Mheshimiwa hukodi turubai, viti na spika. Fukusi jukwaa lake liko usoni. Na hapigi domo. Jike hulitumia kutoboa mkonge, hutaga mayai yake, kisha huenda zake bila kusubiri makofi. Wanawe, funza weupe wasio na miguu, huutafuna moyo wa mche, uozo ukafuata nyuma yao, mpaka mche uliosimama vizuri tu ukiuvuta kwa mkono unakuja wote. Nionyesheni hotuba iliyoacha matokeo kama hayo.

Mtasema ni mgeni. Ni kweli, kwao ni Amerika. Na mkonge je? Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba ya Tanga. Fukusi amefuata chakula cha kwao, basi. Manamba, wale vibarua wa mkonge, nao waliletwa kutoka mbali, na hakuna aliyewaita wadudu waharibifu, angalau hadharani.

Mtasema tena kwamba ndiye aliyeua zao. Hapo nitamtetea mpaka sauti ikauke. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilivuna zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, na fukusi alikuwa humo humo shambani, anakula. Kilichozima korona nyingi, yaani mitambo ya kuchakata mkonge, ni kamba za plastiki na bei iliyoanguka, na baada ya utaifishaji wa 1967, uendeshaji uliolegea. Hayo hayana domo la kushikika, wala hayapigwi dawa, kwa hiyo lawama zote zinamwangukia mwenye domo.

Kwa hiyo, ndugu mkata mkonge, ukimkuta amejibana kwenye shina la majani usimkanyage papo hapo. Mweke kiganjani, litazame hilo domo, mpe dakika yake ya kujitetea. Akinyamaza, na atanyamaza, ndipo umponde.