Mjomba na Mchanga wa Coco

Mjini Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, mlio wa ditekta haumshtui mtu. Wilaya hiyo ilihesabiwa Shinyanga hadi 2012, Mkoa wa Geita ulipozaliwa, lakini dhahabu haikuwa imesubiri mkoa. Kijana akikatiza barabara ya malori ya Rusumo na mashine begani, anayemwangalia sana ni mgeni. Wenyeji wao wanajua hesabu yake: kila mlio ni shimo, na mashimo mengi yana msumari.

Sababu ziko ardhini. Dhahabu ya ukanda huo kwa sehemu kubwa ni chembe ndogo zilizojificha ndani ya mwamba, ndiyo maana watu wanashuka kwenye maduara, wanapandisha mawe kwa viroba, wanasaga kwenye karasha, kisha wanahangaika na zebaki mialoni. Ditekta haioni chembe hizo. Inachokiona ni punje au kipande kilichobanduka na kubaki karibu na uso wa ardhi, na hata hicho inakiona kwa shida kwa sababu udongo wenyewe una chuma. Dhahabu ya Geita imelala kwenye miamba yenye matabaka ya chuma, na juu yake kuna moramu nyekundu inayoifanya mashine isiyorekebishwa vizuri ilalamike kutwa nzima. Juu ya chuma cha Mungu, binadamu wameongeza chao: vipande vya vyuma vya karasha, nyaya za baruti, vizibo vya bia, kisigino cha buti lililokufa enzi za rashi fulani.

Katika mazingira hayo ndiko alikopata elimu mtu tutakayemwita Mjomba, kwa kuwa karibu nusu ya mtaa wake humwita hivyo, na nusu nyingine inamdai.

Mjomba ni fundi kweli. Akifika porini huiinua na kuishusha sahani ya mashine juu ya udongo, sikio kwenye hedifoni, huku anazungusha kirungu taratibu mpaka ardhi inyamaze. Hapo mashine imeizoea ile moramu, na kinachobaki kulia ni chuma halisi, au riziki. Vijana wenye mashine mpya humwita awasaidie. Aliwahi pia kuijaribu ufukweni mwa Ziwa Victoria, kule Chato, mchanga umelowa chepechepe, na mashine ikatulia kimya. Akarudi Ushirombo na hitimisho lililokuja kumponza: maji hayana neno.

Kwa hiyo ilipofika harusi ya mpwa wake Dar es Salaam, Mjomba alifunga suti, akafunga kilo kadhaa za mchele wa Kahama, na akafunga ditekta. Alikuwa amesikia kwamba wikiendi Coco Beach hujaa watu, wanaogelea na pete na mikufu, na bahari haina ustaarabu wa kurudisha. Safari ni zaidi ya kilomita 1,000. Konda alitaka kujua ile nondo yenye sahani ni kitu gani. Mjomba, ambaye kwa mazoea ya machimboni hamwambii mtu yeyote anatafuta nini, akajibu kuwa ni kifaa cha hospitali. Kuanzia Singida hadi Morogoro alikuwa anaulizwa maswali kuhusu presha.

Jumapili asubuhi wapwa zake wakampeleka. Kwenye mchanga mkavu wa juu, karibu na wakaanga mihogo, mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Mashine ililia kwa adabu, mlio mmoja mmoja. Alipata vizibo, waya wa mishikaki, karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, sarafu ya shilingi 200, kisha ya 500. Watoto wakaanza kumfuata. Muuza kachori akaacha ndoo yake na kusimama.

Ndipo akateremka kwenye mchanga uliolowa.

Sahani ilipovuka mstari ule maji yalipoishia, mashine ilipiga ukelele ambao hata wasio na hedifoni waliusikia, kwa sababu Mjomba alizivua na kuzirusha shingoni. Akasogea kulia: ukelele. Kushoto: ukelele. Akaipandisha sahani hadi kiunoni, kimya, akaishusha, ukelele. Kwa mtu wa Geita hilo lina tafsiri moja tu. Alitazama nyuma na mbele kama mtu aliyeona mwamba wa dhahabu na anahofia wenye leseni, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa sururu fupi. Kila alipotoa mchanga, shimo likajaa maji. Kila alipochota maji, kingo zikabomoka. Wimbi likaja na kufukia kazi yote pamoja na kandambili moja. Akahamia pembeni, mashine ikalia vilevile, akachimba tena. Wapwa zake wakaanza kusimama mbali kidogo, kwa umbali unaoruhusu mtu kusema hamfahamu huyu.

Kijana mmoja mvuvi, aliyekuwa anapita na ndoo ya chambo, alimtazama kwa muda, kisha akamwambia kwa upole: "Shikamoo mzee wangu. Hapo unapima bahari."

Ilikuwa kweli tupu. Koili iliyo ndani ya sahani hupeleka ardhini sumaku inayobadilika-badilika. Sumaku hiyo ikikuta kitu kinachopitisha umeme, huamsha ndani yake vijimkondo vidogo vya umeme, navyo hurudisha sumaku yao. Koili inaisikia na mashine inalia. Haiulizi kitu chenyewe ni pete au ni nini. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa kila lita, na chumvi iliyoyeyuka hupitisha umeme. Haifikii shaba hata kidogo, ila imeenea kila mahali chini ya sahani, ikijazia kwa wingi inachokosa kwa nguvu. Ziwa Victoria ni maji baridi yasiyo na chumvi hiyo, ndiyo maana Chato mashine haikusema kitu.

Ujuzi wa Mjomba nao ukamgeuka. Chuma cha moramu na chumvi ya bahari humdanganya mwenye mashine kwa njia mbili tofauti, na mashine iliyofundishwa kuvumilia kimoja haivumilii kingine. Halafu mashine za kusaka punje ndogo za dhahabu hutumia masafa ya juu. Fisher Gold Bug 2, kwa mfano, hufanya kazi kwenye kilohezi 71. Masafa hayo ndiyo yanayoona punje ndogo, na ndiyo hayohayo yanayoisikia chumvi kwa nguvu zaidi. Unaweza kuirekebisha mashine ipuuze chumvi, lakini mkufu mwembamba wa dhahabu hujibu karibu sawa na mchanga wa chumvi. Ukiinyamazisha bahari, unaunyamazisha na mkufu ulioujia. Wazoefu wa pwani hutumia mashine za masafa mengi kwa pamoja, au zile zinazopiga pigo fupi la umeme na kungoja kidogo, chumvi itulie kwanza, ndipo zisikilize. Nyingi kati ya hizi za pili hazitofautishi vizuri msumari na pete, na kwa hilo mtu wa Ushirombo angejiona yuko nyumbani.

Mjomba, aliyekwishakaa kwenye kiti cha plastiki na sahani ya mihogo, anastahili kutetewa. Waliodanganywa na mashine hizi ni pamoja na mmoja wa waanzilishi wake. Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaletwa akiwa na kifaa cha kutafuta ilipo risasi mwilini. Kifaa kililia ovyo. Mgonjwa alikuwa amelazwa kwenye kitanda chenye nyaya za chuma chini ya godoro, na daktari mkuu, akiwa na hakika zake, aliruhusu upimaji wa upande wa kulia tu. Rais alifariki Septemba. Uchunguzi wa maiti uliikuta risasi upande wa kushoto.

Na upande wa bahati, bahari huwapa wasioitafuta. Mwaka 1944, katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, askari aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu chache mchangani. Hakuwa na mashine yoyote, ingawa kazi yake hapo ilikuwa ya rada. Alizitia kwenye kopo, zikakaa humo hadi 1979 alipozipeleka kwa wataalamu. Tano kati yake zilikuwa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Hadi leo watu wanabishana zilifikaje huko.

Mpwa mmoja, mwanafunzi wa chuo, alipomsimulia kisa hicho, Mjomba aliacha kutafuna na kuuliza Kilwa ni nauli kiasi gani. Ikabidi aelezwe kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, kwamba huwezi kwenda kufukua magofu bila kibali, na kwamba sarafu ya sultani haipelekwi soko la madini kupimwa kwa gramu. Akasema sawa, ila sauti yake haikukubali.

Jumamosi iliyofuata, ukumbini, shangazi wa bibi harusi alidondosha hereni ya dhahabu wakati wa kufungua muziki. Mtu akakumbuka kifaa cha hospitali. Mjomba alikwenda kuichukua mashine kwenye gari, akafunga kifungo cha koti, akaweka sahani sakafuni mbele ya wageni wote. Mashine ikalia kutoka meza kuu hadi mlangoni, maana chini ya zulia kulikuwa na zege, na ndani ya zege kulikuwa na nondo. Alikuwa anajaribu kuizoesha sakafu, akiinua na kushusha, watoto wakiinua na kushusha mikono pamoja naye, shangazi alipoiona hereni imenasa kwenye mtandio wake mwenyewe. MC akamwomba Mjomba aizime mashine, kwa sababu upande wa bwana harusi ulikuwa umesimama mlangoni unasubiri kutambulishwa, na ulidhani ule ndio wimbo wake.