Namna ya Kufundisha Shambulizi la Hoki ya Barafu Bariadi, Barafu Ikiwa Bado Njiani

Kwanza unda kamati. Usinunue gongo hata moja kabla kamati haijakaa, maana gongo halisaini posho. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mlezi wa timu na mtu wa itifaki: hao wakishapatikana, hoki ya barafu imekwishaanza mkoani Simiyu. Atakayeuliza barafu yenyewe iko wapi aambiwe mchakato unaendelea.

Wakati kamati inajadili rangi ya suti za michezo, wewe mwalimu chukua kalamu upige hesabu. Uwanja wa kimataifa una urefu wa mita 60 na upana unaofika 30. Ukitaka barafu ya unene wa sentimita 2.5 tu, utahitaji maji lita 41,000 na ushei, yaani ndoo zaidi ya 2,000 za lita 20, na hapo jua la saa saba mchana la Bariadi bado halijatoa maoni yake. Barafu ya uhakika iko Lamadi, imelaliwa na sato na sangara, na wenyewe hawaiazimishi. Ile ya ukwaju inayouzwa kwenye vifuko getini pa shule haimalizi hata mapumziko.

Kama kuna mjumbe anayeona huu ni mzaha, mtajie Nairobi. Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ina kiwanja cha barafu tangu 2005. Ni kidogo, hakifikii vipimo vya kimataifa, lakini ndimo walimokulia wachezaji wa timu ya Ice Lions ya Kenya. Mwaka 2018 baadhi yao walipelekwa Kanada wakacheza bega kwa bega na nyota wa hoki Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na Septemba 2024 Kenya ikapokewa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo. Kamati ikisikia hayo itaomba safari ya mafunzo Nairobi. Waache waende, na ikiwezekana wakae sana. Ndipo utapata nafasi ya kufundisha.

Omba ghala la pamba la chama cha ushirika, ambalo tangu msimu uishe limebaki na popo na mizani. Fagia vizuri, punje moja ya mbegu ya pamba chini ya gurudumu humlaza winga chali. Wenye viatu vya magurudumu wavivae, wasio navyo wavae soksi nzito, saruji iliyosuguliwa itafanya kazi iliyobaki. Magoli ni kreti za soda, nafasi katikati mita 1.83. Kisahani cha kuchezea nenda kwa fundi katambuga sokoni. Mwambie unataka duara la kipenyo cha sentimita 7.6, unene 2.5, uzito usiopungua gramu 156. Atachora kwa kopo kwenye tairi, atabandika tabaka mbili, atakata kwa kisu kilekile cha soli, kisha atakuuliza kamba zinapita wapi.

Sasa shambulizi lenyewe. Anza na wawili dhidi ya beki mmoja. Mwenye kisahani apite pembeni, mwenzake aende sambamba naye kwa mbali, gongo likiwa chini muda wote. Beki mzuri hatamfuata mwenye kisahani. Atakaa katikati kuziba njia ya pasi, amwachie kipa mpigaji. Kwa hiyo mfundishe kijana wako kusoma gongo la beki. Likilalia upande wa pasi, apige golini. Likimwelekea yeye, atoe pasi hapo hapo, si baada ya kupiga chenga mbili za kuwafurahisha waliokaa kwenye magunia. Hapa utapoteza wiki nyingi, kwa sababu waliokaa kwenye magunia wanapiga kelele kuliko wewe.

Kazi ngumu ni watatu dhidi ya mabeki wawili. Mmoja anaingia na kisahani pembeni. Wa pili, asiye na kisahani, anakata katikati kwa kasi yote moja kwa moja hadi kwa kipa. Wa tatu anachelewa makusudi, anakuja nyuma. Huyo wa pili ndiye atakayekusumbua. Atasimama na kukuuliza: «Mwalimu, sasa mimi nakimbilia nini wakati mpira sina?» Usimkaripie, swali ni halali. Mwonyeshe mabeki: wakimwona anakuja, wanarudi nyuma naye, wasiporudi atabaki peke yake na kipa. Wakirudi, mbele yao panabaki uwanda mtupu, na huyo aliyechelewa anaukuta ukimsubiri. Kijana atakuelewa, atakubali, na mara ya pili atasimama katikati akiomba pasi. Rudieni. Mimi naamini timu inayojua kukimbia bila kisahani itamfunga yeyote kati ya Bariadi na Meatu, hasa kwa kuwa hakuna timu nyingine.

Mstari wa kuotea uchore kwa chaki ya Maswa. Bluu ikikosekana, nyeupe inatosha. Sheria ni nyepesi: kisahani kivuke mstari kwanza, ndipo washambuliaji wote wafuate. Haupimwi kwa mgongo wa beki, kwa hiyo mabishano ya kijiweni yanakufa yakiwa machanga, jambo ambalo baadhi ya wazee wa kijiwe wataliona kasoro ya mchezo.

Kila zamu iwe sekunde 45, kisha mchezaji atoke aingie mwingine. Usipange watu kumi foleni wakimtazama mmoja anacheza. Gawa ghala, tumia magoli yote mawili. Anayetaka kubaki uwanjani kwa sababu ametoa mchango wa jezi mrudishe benchi kwa heshima, ukimwamkia kwanza kama ni mkubwa wako.

Mei ikikaribia ondoa kreti na ufute chaki, maana pamba inarudi na ghala lina wenyewe. Mazoezi yatasimama hadi msimu uishe. Kamati haitasimama. Yenyewe haikuwahi kutumia ghala, inakutania hotelini.