Tafadhali Usizime Umeme

Hakuna kinachonikera kama kifaa kizima kinachojitangaza mgonjwa. Sebuleni kwangu, nyuma ya runinga, kuna boksi jeusi lenye diski mbili, lile ambalo wauzaji huliita NAS. Kazi yake ni kutunza: picha za watoto tangu wakiwa na uji mashavuni, video za harusi na sendofu za ukoo mzima, taarabu nilizozihamisha kutoka kwenye kaseti za mama mkwe, na katuni ambazo kitinda mimba wangu huzirudia akitumaini safari hii paka atamshika panya. Linafanya kazi usiku na mchana na halijawahi kuomba likizo. Kasoro yake ni moja: kila mfumo endeshi mpya unapotoka, ni lazima liniletee habari.

"Toleo jipya lipo. Linaboresha uthabiti." Uthabiti upi? Jana usiku tulikuwa tunaangalia harusi ya binamu yangu bila hata kukwama, leo asubuhi naambiwa nilikuwa naishi katika hatari. Hao wanaoandika maelezo ya matoleo mapya wangefaa kazi ya kuandika hotuba za ufunguzi wa semina. Maneno yanajaa ukurasa, na ukimaliza kusoma hujui kimerekebishwa nini.

Ningepuuza. Ila mwaka 2022 kilizuka kirusi kiitwacho Deadbolt, kikaingia kwenye vifaa vya aina hii vilivyokuwa vinafikika kutoka kwenye intaneti, kikayafunga mafaili na kudai bitkoini 0.03 kwa kila mwenye kifaa. Fikiria kulipia ili uone picha ya mwanao mwenyewe akiota jino la kwanza. Tangu nisome habari ile, ujumbe wa toleo jipya nausoma nimesimama.

Sasa toleo hili nalo limekuja na njaa yake. Boksi langu lilitoka kiwandani na RAM ya GB 2, na kwa mfumo wa zamani zilitosha na chenji ikabaki. Mfumo mpya unataka mara mbili ya hapo, na ukitaka huduma ya kupanga picha kwa sura za watu, uongeze tena. Yaani umemkaribisha mgeni, hajavua hata viatu, anauliza kama kuna godoro lingine.

Mtengenezaji anauza RAM yake yenye stika yake, kwa bei inayokufanya uangalie tena kama umesoma sarafu sawasawa. Ya kawaida nayo bei yake siyo ya kawaida tena, kwa kuwa viwanda vya kumbukumbu vimegeuzia macho kwenye kompyuta za akili mnemba, ambako wateja hawaombi punguzo. Sisi wa RAM za kizazi cha DDR3 tumebaki na vibanda vya Kariakoo, mahali ambapo laptopu iliyokufa hugawanywa viungo kabla haijapoa.

Nikaenda. Kijana wa kibanda akaitazama karatasi yangu, akafungua droo, akanipa kipande.

"Hii hapa, mzee. GB 4."

"Hii ni DDR3. Nimeandika DDR3L."

"RAM ni RAM, mzee wangu. Inaingia."

Hapo ndipo penye tabu yenyewe: ni kweli inaingia. DDR3 na DDR3L za laptopu zote zina pini 204 na pengo lake liko mahali palepale. Tofauti iko kwenye umeme: moja inataka volti 1.5, nyingine inaridhika na 1.35. Ukiweka ile ya 1.5 kwenye boksi lisilotoa zaidi ya 1.35, huenda likakataa kuwaka. Baya zaidi, huenda likawaka na kuanza kuharibu mafaili polepole, bila kelele, na wewe unafurahi umeokoa hela. Nikamweleza. Akanisikiliza kwa ule upole wanaotumia vijana kwa wazee wanaosoma maelekezo, akafungua droo ya pili, akanitolea DDR3L ambayo muda wote ule ilikuwa pale. Bei ikapanda palepale. Elimu ina gharama, ila sikujua kwamba anayeitoa ndiye anayelipa.

Kuifunga hakuna cha kusimulia. Unatoa diski na kuziandika namba zisibadilishane nafasi, unafungua skrubu, unaingiza kipande kwa mshazari na kukilaza hadi vishikizo vidake. Vitabu vinasisitiza ujihadhari na umeme tuli wa mwilini. Kwa unyevu huu wa Dar es Salaam, kama umeme tuli ungekuwa na pa kukaa ningeukaribisha.

Umeme unaotusumbua ni ule mwingine. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, skrini inaleta onyo kwa herufi nyekundu: "Tafadhali usizime umeme wakati mfumo unasasishwa." Nimelitafakari sana onyo hili. Limeandikwa na mtu anayeishi mahali ambapo umeme huzimwa na mwenye nyumba. Anadhani swichi iko kwangu! Angeniandikia "tafadhali uombe" tungeelewana.

Basi nikajiandaa. Kwanza nakala ya kila kitu kwenye diski ya pembeni, kwa sababu diski mbili zinazoandika kitu kilekile hazikusaidii mfumo ukivurugika: zote mbili zitaandika uharibifu uleule kwa utiifu. TB 2 kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde ni saa tano na nusu, na hiyo ni kasi iliyoandikwa kwenye kifungashio cha dukani, siyo ya nyumbani kwangu. Pili, uniti za Luku. Tatu, UPS, ambayo betri yake ina umri wa kustaafu na hulia mlio mrefu hata feni ya jikoni ikiwashwa. Nne, kutangaza kwa familia kwamba jioni hii hakuna pasi, hakuna hita, wala hakuna mtu wa kugusa ile soketi ya nyuma ya runinga.

"Kwani unafanya nini?" mama watoto akauliza.

"Naboresha."

"Kwani ilikuwa mbovu?"

Swali hilo sina jibu lake hadi leo.

Skrini ikasema zimebaki dakika kumi. Dakika za kompyuta hazijawahi kupimwa na chombo chochote ninachokifahamu. Ilipofika asilimia tisini na kitu ikatulia hapo, na nyumba nzima ikatulia nayo, isipokuwa kitinda mimba aliyekuwa anauliza panya yuko wapi. Taa zikapepesa. UPS ikalia. Taa zikarudi. Boksi likapiga mlio mmoja mrefu, na mfumo mpya ukafunguka.

Ukafunguka, ndiyo. Kila kitufe nilichokizoea kimehamishwa chumba. Rangi zimepaushwa na aikoni zimeviringishwa pembe, na kurudi kwenye toleo la zamani hakuruhusiwi. Lakini hayo ningeyazoea. Kilichozua kesi ni runinga ya chumbani kwa mama mkwe. Kisanduku kidogo kilichounganishwa nayo kinajua lugha moja tu ya kuombea mafaili, SMB ya kwanza, ambayo asili yake ni miaka ya 1980, na mfumo mpya umeizima. Sababu ni ya kweli: Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipitia kwenye tundu la lugha hiyohiyo, kikavuruga hospitali nyingi za Uingereza hadi miadi ya wagonjwa ikafutwa. Kuna mahali pa kuiwasha tena. Sitaiwasha ng'o.

Nikamweleza mama mkwe yote hayo, kuanzia Deadbolt mpaka Uingereza. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo, baba, waliovamiwa Wazungu, anayenyimwa harusi ni mimi?"

Sasa utaratibu ni huu: seva yenye diski mbili, RAM mpya ya DDR3L na mfumo endeshi wa kisasa hunakili video kwenye fleshi, kisha kitinda mimba huibeba fleshi mbio hadi chumbani kwa bibi yake, kwa malipo ya pipi. Njia hiyo haijawahi kukwama, na haina toleo jipya.

Nilikoongezewa kitu ni kwenye picha. Usiku kucha boksi linazichambua sura za watu, na RAM niliyoipigania Kariakoo inaliwa yote huko. Kila mtu amepangiwa folda yake. Shida ni mama mkwe na mdogo wake, ambao hawajaongea vizuri tangu mambo ya shamba la marehemu babu. Mashine imewaweka pamoja, kisha ikaniletea swali katikati ya skrini: "Je, huyu ni mtu yuleyule?" Ndiyo au Hapana. Nilikuwa bado natafuta kitufe cha tatu mama mkwe akatokea nyuma ya kiti, akashusha miwani.

"Nani kasema nafanana na huyo?"

"Mashine, mama."

"Na hiyo akili," akasema, "si ndiyo uliyokwenda kuinunua Kariakoo?"