Cheti cha Pakeji

Masara, kule Migori, dhahabu huchimbwa kwa sururu na karai. Kijana wetu hashiki sururu. Serikali ilizindua Ajira Digital, mpango wa kazi za mtandaoni, mwaka 2016, naye ana cheti cha pakeji za kompyuta, kimevikwa plastiki kisipate vumbi. Kutwa yuko saiba akiwafungulia wenzake akaunti za eCitizen, waombe cheti cha tabia njema, ndipo waombe kazi. Wenzake hulipa, yeye hungoja kuitwa. Nafasi iliyotangazwa yataka uzoefu wa miaka 5 (sijui aupatie tumboni mwa mamake?). Umeme ukipotea humwendea rafikiye mchimbaji, ambaye teknolojia aijuayo ni M-Pesa tu. Jana mchimbaji huyo kamkopesha mia mbili.