Pipa la Mbao Uani

Pipa la mbao halina gundi. Mbao zake hushikana kwa kubanwa na pete za chuma na kwa kuvimba zikinywa maji. Likikauka hulegea, sawasawa na mashua iliyopandishwa ufuoni ikasahauliwa.

Anayelinunua kisiwani Mombasa naye anakaa Likoni hulivusha kwa feri juu ya mkokoteni. Bahari ikijaa, safari ni ya amani. Maji yakipwa, mteremko wa gati huwa mkali, na pipa ni kitu kilichoundwa kibingirike. Abiria hupisha bila kuombwa.

Kabla ya kulikata nusu lipandiwe asumini, pete zote hufungwa kwa skrubu. Zisipofungwa, msumeno ukifika upande wa pili pete huteremka, mbao zikafunguka kama ganda la ndizi, na fundi, ambaye kwa kawaida ameshalipwa, hukumbuka kwamba ana kazi nyingine Changamwe.

Mahali pa kuliweka paamuliwe mapema. Nusu ya pipa la lita 225, ikijaa udongo uliorowa, hupita kilo 100. Vijana wa Kisauni waliosaidia kuisogeza mara ya kwanza, mara ya pili huwa wamekwenda msikitini, hata saa ya swala ikiwa bado.

Maangamizi ya pipa huanzia chini. Kitako kikigusa mchanga, mchwa huingia kimyakimya, wakala mbao kwa ndani na kuacha rangi imesimama. Mwenye pipa, masikini, huendelea kupaka vanishi mwaka hadi mwaka upande usioliwa. Dawa ni matofali matatu chini yake, hewa ipite, na matundu ya kutosha kitakoni. Bila matundu, masika ya Aprili hadi Juni huligeuza kidimbwi, na mbu wa dengi na chikungunya, magonjwa yaliyozuka Mombasa mwaka 2013 na mwishoni mwa 2017, hupenda kutaga katika maji kama hayo.

Kaskazi ikifika, shida hugeuka. Jua hukausha mbao, pete hulegea, upepo wa chumvi huzitia kutu. Udongo umwagiliwe kila jioni, na pipa tupu lisiachwe juani.

Kwa upande wa mafuta ya kupaka mbao, wengi hukimbilia oili chafu ya gereji. Mchwa huichukia, mchicha ukipandwa humo nao pia, na mla mchicha zaidi. Sifa, mafuta ya papa ambayo mabaharia hupaka vyombo vyao, hulinda mbao vizuri, ila huita paka wa mtaa mzima, nao wakishafika huuona ule udongo laini kuwa ni choo walichojengewa. Mafuta ya linsidi hayaiti mgeni.

Pamoja na hayo yote, kitako kitaoza kabla ya ubavu. Asumini ihamishwe mapema, mbao zipasuliwe kuni. Zilizonywa oili chafu zisitiwe jikoni: pilau itanuka gereji.